Unaenda Homa Bay au Migori? Mwili Wako ni Mgeni Huko

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili anayeishi mtaa wa Umoja jijini Nairobi, ameniandikia akiuliza swali ambalo madaktari wa jijini huulizwa kila shule zinapokaribia kufungwa. Mume wake ni mzaliwa wa Mbita, kaunti ya Homa Bay. Watoto wao, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne, wamezaliwa na kulelewa Nairobi na hawajawahi kuliona Ziwa Viktoria ila kwenye picha. Likizo ijayo wanapelekwa kwa nyanya yao kwa mara ya kwanza. Baba anashikilia kwamba hakuna maandalizi yoyote ya kiafya yanayohitajika kwa sababu "hao ni watoto wa huko". Mama hana hakika. Anauliza, je, ni nani kati yao aliye sawa?

Mama ndiye aliye sawa, na swali lake linawahusu watu wengi zaidi ya jamaa yake. Sherehe za kitaifa za Madaraka zilipofanyika mjini Homa Bay tarehe 1 Juni 2025, wakazi wengi wa mijini walikanyaga eneo hilo kwa mara ya kwanza. Wengine huenda kuona kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga, au kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, ambazo UNESCO ilizitia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2018. Wengine hufuata biashara ya samaki au dhahabu. Na wengi, pengine wengi kuliko hao wote, huenda kwa sababu ya matanga.

Watu hawa wote wana jambo moja: hawajihesabu kuwa wasafiri. Mzungu anayetoka London kwenda Rusinga humwona daktari kwanza, akapewa vidonge, akanunua na dawa ya kufukuza mbu. Mkazi wa Buruburu hupanda basi la usiku akiwa na begi lake na mikate ya kumpelekea nyanya. Lakini mbele ya mbu wa Mbita, damu ya hao wawili haina tofauti kubwa.

Kinga haifuati ukoo

Malaria huletwa na viini vidogo mno ambavyo mbu wa kike aina ya anofelesi humwingizia mtu anapomuuma. Viini hivyo hukimbilia kwenye ini, vikazaana humo kwa muda wa wiki moja hivi, kisha vikaingia katika damu na kuanza kuharibu chembechembe nyekundu. Hapo ndipo homa huanza.

Mtu anayeishi kandokando ya ziwa huumwa na mbu wenye viini hivyo tangu utotoni. Akiponea miaka ile ya mwanzo, na si wote wanaoponea, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupambana navyo. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa na viini katika damu na asihisi zaidi ya uchovu na kuumwa na kichwa. Hii ndiyo kinga ambayo baba wa watoto wetu anaifikiria. Lakini kinga hiyo hununuliwa kwa kuugua mara kwa mara, na hudumu tu kwa mtu anayeendelea kukutana na viini. Aliyeondoka Mbita akiwa kijana na kukaa Nairobi miaka mingi ameipoteza sehemu kubwa. Mtoto aliyezaliwa Pumwani hakuwahi kuwa nayo.

Yapo yanayorithiwa, ni kweli. Watu kadhaa wa Nyanza wamerithi kutoka kwa mzazi mmoja kasoro ndogo ya damu ambayo hupunguza ukali wa malaria. Lakini haizuii mtu kuambukizwa, na aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Kwa mtoto wa namna hiyo malaria ni hatari maradufu. Asisafirishe mtu mtoto mwenye selimundu hadi eneo la ziwa bila kwanza kuzungumza na daktari wake kuhusu dawa ya kinga ya kila siku.

Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku huvizuia viini vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Ziwa Viktoria liko kwenye mita 1,134. Ukisafiri kupitia Narok na Kisii utaihisi tofauti hiyo mwenyewe: Kisii bado kuna ubaridi, lakini basi likishaanza kuteremka kuelekea Rongo, abiria huanza kuvua makoti. Hapo umeingia katika ukanda ambao uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 uligundua kwamba katika kila watoto 100 waliopimwa, 19 walikuwa na viini vya malaria katika damu. Kwa nchi nzima walikuwa 6.

Serikali na washirika wake wamefanya mengi huko. Nyumba zimepuliziwa dawa ukutani, Migori kuanzia mwaka 2017 na Homa Bay mwaka uliofuata. Chanjo ya kwanza ya malaria ilizinduliwa nchini katika kaunti ya Homa Bay mnamo Septemba 2019. Lakini chanjo hiyo ni ya watoto wachanga wa maeneo yenye malaria nyingi, hutolewa kwa awamu kuanzia umri wa miezi sita, na mtoto wa Umoja wa miaka minne hakuipata. Asitegemee kinga ya binamu zake.

Vidonge, na safari za ghafla

Kwa mtu asiye na kinga anayekwenda kulala Homa Bay au Migori, hata kwa usiku mmoja, ushauri wangu ni kumeza dawa za kuzuia malaria. Ziko za aina tatu zinazotumika zaidi, na uchaguzi hutegemea umri, hali ya afya, mfuko, na muda uliobaki kabla ya safari.

Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki. Ni nafuu kwa kumbukumbu, hasa kwa watoto, lakini inafaa kuanzwa wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka na kuendelezwa wiki nne baada ya kurudi. Haimfai mtu mwenye kifafa wala aliyewahi kuugua maradhi ya akili, kwani huweza kuleta ndoto za kutisha na fadhaa.

Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Bei yake si kubwa. Imeze ukiwa umekula, kwa maji mengi, wala usilale papo hapo, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huchoma. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka minane hawapewi. Ngozi ya baadhi ya watu huungua upesi juani wanapoitumia, na jua la ziwani si la mzaha.

Ya tatu ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili. Nayo huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku, na huendelezwa siku saba tu baada ya kurudi. Vipo vidonge vya watoto kulingana na uzito. Ubaya wake ni bei, hasa kwa jamaa kubwa.

Nimesema muda uliobaki kwa sababu ya matanga. Simu huja Jumatano usiku kwamba mjomba amefariki, na Ijumaa jioni basi limeondoka. Hakuna wiki tatu za kujiandaa. Hapo dawa mbili za mwisho ndizo zinazofaa, maana unaweza kuanza Alhamisi. Na safari ya matanga ndiyo hasa inayohitaji kinga, kwani waombolezaji hukesha nje, kwenye viti vya plastiki, chini ya hema, kuanzia magharibi hadi alfajiri. Huo ndio wakati mbu wa malaria anapotafuta chakula. Vaa suruali ndefu, soksi na shati la mikono mirefu, na upake dawa ya kufukuza mbu miguuni na vifundoni, kisha uirudie usiku kama kibandiko chake kinavyoeleza. Kina mama wanaovaa sketi wafunge leso miguuni. Hakuna atakayeona ajabu.

Mjamzito ni shauri lingine. Malaria humkalia kwenye kondo la nyuma, ikamwishia damu na kumdhoofisha mtoto tumboni, na inaweza kuharibu mimba. Kama safari inaweza kuahirishwa, iahirishwe. Kama haiwezi, amwone daktari kabla ya kuondoka, wala asijinunulie vidonge dukani.

Neti ya mwenye nyumba

Vidonge peke yake havitoshi. Kila msafiri alale ndani ya neti iliyotiwa dawa, na aibebe kutoka nyumbani.

Nasisitiza neno "aibebe". Ukarimu wa watu wa ziwa unajulikana. Mgeni kutoka Nairobi akifika, mwenyeji humwachia kitanda chake, na kitandani ndipo neti ilipo. Mwenye nyumba na watoto wake hulala sebuleni, kwenye mkeka, bila kitu. Wewe umekingwa, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano wa boma hilo, ambaye malaria humwua kwa urahisi kuliko mtu mwingine yeyote, ameachwa wazi kwa ajili yako. Neti yako mwenyewe haina uzito wa kuzidi jozi ya viatu. Ukiweza, beba mbili na umwachie nyanya moja.

Beba pia kamba na misumari michache. Wageni wakiwa wengi, watoto wa mjini hulazwa sakafuni katika chumba kisicho na mahali pa kufunga neti, na shangazi husema "ni usiku mmoja tu". Kwa kamba mbili zilizofungwa dirishani na kwenye mguu wa meza, neti husimama popote. Ikunje chini ya godoro au mkeka pande zote, kisha umulike ndani uone kama kuna mbu aliyetangulia. Wala usitoke humo mapema mno. Miongoni mwa mbu wa malaria wa Nyanza wapo wanaouma usiku wa manane hadi kunapopambazuka, na mtoto anayeamka saa kumi na moja kwenda chooni akiwa na kaptura tu huwakuta bado kazini.

Ziwa lenyewe

Mtoto aliyesikia habari za ziwa maisha yake yote atataka kuogelea siku ya kwanza. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa, kwa sababu maji ni mazuri, watoto wa kijijini wamo ndani, na hakuna anayeonekana mgonjwa.

Kichocho hakionekani. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani na matope ya ufukweni hutoa vijidudu vinavyoogelea majini, hasa jua likiwa kali, kati ya asubuhi na alasiri. Vijidudu hivyo hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache. Huhitaji kuyanywa maji. Kusimama hadi magotini ukifua, kumvuta mashua, kuosha gari ufukweni, yote yanatosha. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo inayokaa katika mishipa ya damu ya matumbo na kutaga mayai. Mayai hayo hukwama kwenye ini, na baada ya miaka ya kuambukizwa tena na tena mtu huvimba tumbo na hata kutapika damu. Pwani tumezoea kichocho cha mkojo wenye damu. Hiki cha Ziwa Viktoria ni cha matumbo, na mkojo unaweza kuwa safi kabisa.

Fuo za Mbita, Rusinga, Mfangano, Sori na Muhuru zote zihesabu kuwa na kichocho. Ushauri ni mmoja: usiogelee wala usioge ziwani. Kujipangusa haraka kwa taulo hakuaminiki. Maji ya kuoga yachotwe na yakae kwenye pipa lililofunikwa kwa saa 24 au zaidi, bila konokono ndani, kwani vijidudu hivyo hufa visipompata mtu, au yachemshwe. Mtoto akiwa amekwisha kuingia, usimpige. Andika tarehe. Nitaeleza maana yake hapo chini.

Kuna hatari nyingine ambayo haingoji wiki nane. Rusinga imeunganishwa na bara kwa daraja pale Mbita, lakini Mfangano na Takawiri huendewa kwa boti, na kivuko hutoka Mbita kwenda Luanda K'Otieno upande wa Siaya. Ziwa huwa tulivu asubuhi na pepo hulichafua baadaye mchana. Safiri asubuhi. Usipande boti isiyo na jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, na ulivae, ulifunge. Lile lililowekwa chini ya kiti cha nahodha halijamwokoa mtu. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Watacheka, lakini utafika na boti ya pili. Jioni na alfajiri kaa mbali na ufuo wenye matete, kwa sababu ya viboko na mamba.

Tumbo

Kipindupindu si ugonjwa wa ziwani peke yake, na watu wa Nairobi wasijione. Katika mlipuko ulioanza mwisho wa mwaka 2014, Nairobi, Migori na Homa Bay ndizo zilizokuwa za mwanzo kuathirika. Mapema mwaka 2025 ugonjwa huo ulizuka tena Migori, Kisumu na Nairobi. Tofauti ni kwamba ukiwa kijijini hospitali inaweza kuwa mwendo wa saa mbili.

Kunywa maji yaliyochemshwa hadi kutokota au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo chake. Kula chakula kikiwa moto. Samaki na omena havina hatia yoyote vikipikwa na kuliwa mara moja. Kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ziwa ndiyo yenye kesi. Beba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, ORS, angalau mbili kwa kila mtu. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto anayeharisha aanze kunywa mara ile, hata kabla ya kutafuta gari. Kuharisha maji meupe kama ya mchele, au damu, au kushindwa kubakiza kinywaji chochote tumboni, si mambo ya kutibiwa nyumbani.

Mbuga ya Ruma na mengineyo

Wazee wataikumbuka Bonde la Lambwe kwa ugonjwa wa malale, ulioenezwa na mbung'o na kuua watu na ng'ombe. Watalii wachache wanaokwenda mbuga ya Ruma kumtazama korongo, yule paa mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki huko tu, huniuliza kama bado kuna hatari. Habari ni njema. Mtu wa mwisho kuambukizwa malale humu nchini na kugunduliwa humu alikuwa mwaka 2009, na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o wenyewe lakini bado wapo, na huuma kupitia nguo nyepesi. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, basi vaa kaki. Huko Ruma na pia Thimlich Ohinga vaa viatu vya kufunika miguu kwa ajili ya nyoka. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Alazwe, kiungo kisichezwe, akimbizwe hospitalini.

Lipo jambo ambalo wengine wangependa niliruke. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima karibu 20 katika kila 100 kaunti ya Homa Bay, na 13 kaunti ya Migori, waliishi na virusi vya Ukimwi. Wastani wa nchi ulikuwa chini kidogo ya 5. Si aibu ya wenyeji. Homa Bay ndiko dawa za kurefusha maisha zilikoanza kutolewa bure katika hospitali ya umma mapema, tangu mwaka 2001, na wagonjwa wengi wa huko humeza dawa zao kwa uaminifu kuliko wetu wa mjini. Namwambia msafiri tu kwamba usiku wa ugenini hauna sheria tofauti. Tumia kondomu. Ikitokea ajali, vipo vidonge vya kuzuia maambukizi vinavyopaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri vinavyoanzwa mapema ndivyo vinavyofaa. Vituo vya afya vya huko vinavijua vizuri.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu abebe dawa zake za siku zote za safari na wiki moja zaidi, katika mkoba wa mkononi, si kwenye buti ya basi. Insulini haipendi joto la ziwani. Mahali pasipo na friji, iweke katika kijungu ndani ya chungu kilicholowa maji, kivulini. Hakikisha pia umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Na ukivuka mpaka wa Isebania kwenda Sirari, hata kwa nusu siku, Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kutoka kwa msafiri wa Kenya. Chanjo hiyo huchomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari, na cheti chake sasa hudumu maisha yote.

Ukisharudi

Hatari kubwa kuliko zote huanza wakati begi limekwisha kufunguliwa na nguo zimefuliwa. Kwa sababu viini vya malaria hukaa kwenye ini kwanza, homa inayoanza siku ya pili baada ya kufika Mbita huwa na chanzo kingine, japo nayo ipimwe. Malaria ya safari hiyo hujitokeza kuanzia siku ya saba, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne, na mara chache baada ya miezi miwili au mitatu. Yaani mtoto ataugua Januari, akiwa darasani Nairobi, wakati safari imeshasahaulika.

Hapa watu hukosea kwa njia mbili. Wengine husema ni mafua ya jijini, wakampa dawa ya kushusha homa kwa siku tatu. Kwa mtu asiye na kinga, siku tatu zinatosha malaria kupanda ubongoni. Wengine hununua dawa za malaria bila kupimwa, au hummezesha mtoto vidonge vilivyobaki vya nyanya. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo ya homa, hata kama ulimeza dawa za kinga bila kukosa, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe: "Tulikuwa Homa Bay, tukarudi tarehe fulani." Daktari wa Nairobi huona homa nyingi zisizo za malaria, na usipomwambia huenda asiifikirie. Kipimo kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na tena siku inayofuata.

Malaria ikipatikana mapema, matibabu ni vidonge vya artemetha-lumefantrini, maarufu kama AL, mara sita kwa siku tatu, kwa kipimo cha uzito. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na vyote vimalizwe hata kama mtoto anacheza siku ya pili. Klorokwini, ambayo wazee bado huitaja, ilikwisha kushindwa nguvu na viini tangu miaka ya tisini. Lakini mtoto anayesinzia kupita kawaida, anayetupwa na degedege, anayetapika kila kitu, anayepumua mbiombio, asiyeweza kuketi, au ambaye macho yamekuwa manjano au mkojo kama chai ya rangi, hatibiwi kwa vidonge. Anahitaji hospitali yenye sindano ya atesuneti na damu ya kuongezwa, usiku huohuo.

Sasa ile tarehe ya kuingia ziwani. Baadhi ya watu walioambukizwa kichocho kwa mara ya kwanza hupata, kati ya wiki ya pili na ya nane, homa, kikohozi, upele unaowasha na kuharisha, mambo ambayo huitwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Wengine hawahisi chochote. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini si michanga, kwa hiyo kuimeza wiki ya kwanza baada ya kuogelea kunampa mtu matumaini ya bure. Hesabu wiki nane kutoka siku ya mwisho ya kuingia majini, kisha umlete mtoto apimwe choo na apewe dawa kwa uzito wake. Ikiwa watoto wa msomaji wetu wataogelea mara ya mwisho tarehe 28 Desemba, siku ya kuja kliniki ni tarehe 22 Februari.